Zamu ya Zenón

Simama, kaa. Simama, kaa. Sauti ya mwanamke ilitoka kwenye simu, laini kama ya mtu ambaye hajawahi kubeba mzigo maishani mwake, na Primitiva Choque akaifuata. Aliinuka kwenye kiti bila kushika kitu, akakaa, akainuka tena, sketi zake pana zikipepea. Mkononi alivaa bangili nyeusi ya mpira, ile inayohesabu nyendo za mwili na kuzituma hospitalini. Bangili haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe.

Mume mwenyewe, Zenón Ayca, alikuwa kitandani karibu na ukuta, ameegemezwa mito, mrija wa plastiki puani, bonge la majani ya koka shavuni. Pembeni yake mashine ya oksijeni ilinguruma. Ilinguruma mchana kutwa na usiku kucha, na wote wawili walikwisha kuizoea kiasi kwamba umeme ukikatika, kimya ndicho kilichowashtua.

"Unakaa kama gunia la viazi," Zenón alimwambia. Akavuta pumzi, akaipata nusu, akamalizia. "Mgongo. Kasema mgongo uwe wima."

"Nakufanyia kazi yako, halafu unanisimamia?"

"Kazi bila msimamizi haiendi. Mimi nilikuwa kiongozi wa kikosi."

Primitiva alimaliza na kiti, akachukua chupa mbili zilizojazwa mchanga, akazipandisha juu ya kichwa na kuzishusha. Kisha akabana kidole chake cha shahada kwenye kidude kidogo chenye taa nyekundu. Simu ikaonyesha namba ya oksijeni mwilini, na namba ilikuwa nzuri. Mwisho simu iliuliza pumzi ilikuwaje, ikamwekea nyuso achague, kuanzia inayocheka mpaka inayolia. Siku za mwanzo alikuwa akibonyeza ile ya katikati, kwa adabu tu. Siku hizi alibonyeza inayocheka, maana kweli alijisikia vizuri. Magoti yaliyokuwa yakimsumbua kwa miaka yalikuwa yamepona.

Huko Llallagua, mji wa migodi, wanaume wengi hufa kwa kifua. Wanauita ugonjwa wa mgodi, na hakuna anayeuliza zaidi. Vumbi la mawe huingia, hukaa, na mapafu yenyewe hugeuka mawe. Zenón alichimba bati tangu hajaota ndevu, na alipotoka shimoni mara ya mwisho hakuweza kuvuka ua wa nyumba yake bila kushika ukuta. Watoto walikwisha kwenda nchi jirani, Iquique, kutafuta maisha. Nyumbani walibaki wawili.

Mwaka uliopita hospitali moja ilileta mpango mpya. Mgonjwa hasafirishwi tena mpaka mjini Oruro kila wiki, akafika hoi kuliko alivyoondoka. Anafanya mazoezi nyumbani, simu inamwelekeza, bangili na kidude cha kidoleni vinapeleka habari, na mtaalamu wa mazoezi anatazama kila kitu akiwa ofisini kwake. Waliokuwa na hali mbaya zaidi walipewa na mashine ya oksijeni. Mashine zilikuwa chache. Siku ya kukabidhiwa, ofisa mmoja aliyevaa tai alisimama kwenye ukumbi wa wachimbaji akasema maneno ambayo Primitiva aliyashika kuliko mengine yote: nyumba itakayokaa bila mazoezi itaondolewa, na mashine itakwenda kwa anayefuata.

Wiki za mwanzo Zenón alifanya mwenyewe. Alilalamika, alimtukana yule mama wa simuni, lakini alifanya, na ilimsaidia. Alijifunza kutoa pumzi kwa midomo iliyobanwa, kama anayepoza supu. Siku moja alifika mlangoni peke yake, akakaa juani, akaanza kuwatania wapita njia mpaka Primitiva akaona haya. Halafu ikaja sikukuu ya kanivali na mvua zake, na homa ikamwangusha. Hakuinuka. Simu ikaanza kulia. Kwanza ilimkumbusha kwa upole. Kisha ikaweka rangi ya manjano, kisha nyekundu, na chini ya nyekundu maneno, kwa jina la heshima: Don Zenón, hatujakuona.

Primitiva hakukaa kufikiri sana, kwa sababu kwake hilo halikuwa jambo la kufikiri. Kijijini walikotoka, siku ya kutengeneza barabara hawaiti mtu, wanaita nyumba. Ikiitwa nyumba ya Ayca, akajitokeza yeyote na sepetu, mke, mtoto, hata mkwe, zamu imetimizwa na hakuna wa kunung'unika. Mjini hapa ushirika wa wachimbaji ulifuata mtindo huohuo. Mwaka Zenón alipovunjika mguu, Primitiva alipanda kwenye vifusi vya mgodi na nyundo, akagonga mawe kwa jina la mumewe mpaka mguu ukaunga, na nafasi yake haikupotea. Mtu akiugua, wa nyumbani kwake anasimama. Basi aliivua bangili mkononi mwa mgonjwa, akaivaa, akakaa kwenye kiti, akasimama. Nyekundu ikafutika. Alishusha pumzi, akaenda kumpikia supu.

Homa ilipita, lakini Zenón hakurudi alipokuwa. Mlango ukawa mbali. Kila wiki kitu kimoja kilimtoka: leo kuvaa viatu, kesho kunyoa, keshokutwa kumaliza sentensi. Na kila wiki simu ilimsifu zaidi.

Mtaalamu wao aliitwa Maribel Arancibia. Alikuwa binti mdogo, si daktari, na alisema hivyo kila mara, lakini wote walimwita dokta. Kila Ijumaa alituma ujumbe wa sauti. Don Zenón anawashangaza, alisema. Don Zenón amewapita wagonjwa wote wa ukanda huu. Primitiva alikuwa akiurudia ujumbe huo jikoni akimenya viazi. Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumsifu kwa namna anavyokaa na kusimama.

"Umesikia?" Zenón alikuwa akisema kutoka kitandani. "Nimewapita wote."

Wakacheka. Kucheka kwa Zenón kuliishia kwenye kikohozi, na kikohozi kilichukua muda mrefu kuisha.

Jumatatu moja dokta hakutuma ujumbe, alipiga simu. Alikuwa na sauti ya mtu aliyebeba zawadi. Alisema wakubwa wake wamekaa, wametazama namba za don Zenón za miezi yote, na wamekubaliana kwamba mtu mwenye namba kama hizi hahitaji mashine tena. Alhamisi gari litakuja kuichukua. Itapelekwa nyumba nyingine siku hiyohiyo, mtaa wa juu, kwa don Wálter Calizaya, ambaye amesubiri sana. Mazoezi yaendelee, alisema, na hongera kwao wote wawili.

Primitiva alisema asante. Hilo ndilo neno lililotoka. Aliiweka simu mezani, akaifunika na kitambaa cha mkate kana kwamba ingeweza kumwona, akakaa kwenye kile kiti cha mazoezi, na safari hii hakusimama.

Zenón alikuwa amesikia. Chumba kilikuwa kimoja.

"Wamenipa cheti cha uzima," alisema.

Primitiva alikitoa kidude, akakibana kwenye kidole cha mumewe, kidole kikubwa chenye kucha iliyovunjika zamani, akasubiri. Namba iliyotokea ilikuwa ya kutisha hata kwa watu wa huku juu milimani, ambao namba zao siku zote ni ndogo kuliko za watu wa mabondeni. Aliituma. Simu ikafikiri, kisha ikaandika: Kipimo hakilingani na vilivyotangulia. Pasha kidole joto, kisha rudia. Akakisugua kidole cha Zenón kati ya viganja vyake, akakipulizia, akarudia. Namba ileile. Simu ikaandika: Kifaa huenda kina hitilafu. Kitabadilishwa Alhamisi.

Alirudia mpaka Zenón akaunyofoa mkono wake.

Kama simu haikuukubali ukweli wa mumewe, ingeukubali uongo wake yeye. Hivyo ndivyo alivyoona. Alitoka akapanda vifusi mbio, bangili mkononi, mpaka juu kabisa, mpaka moyo ukampiga masikioni, akakaa chini akabana kidole. Namba ilishuka kidogo, na kabla hajabonyeza ilikuwa imerudi. Aliziba pua akabana pumzi mpaka macho yakaona nyota. Ikashuka, ikarudi. Alikwenda jikoni, akawasha samadi mbichi ya llama, mnyama wao wa mizigo, akainamia moshi akaunywa kwa kinywa wazi. Alikohoa, akatapika, akalia machozi ya moshi na machozi mengine, akabana kidole. Namba ilirudi juu, imetulia, kama inamdhihaki. Alijipiga kifua kwa ngumi. Miaka yote ile ya nyundo na mawe, na mapafu yake yalikuwa mazima kama ya farasi.

Zenón alimwona akiingia na uso mweusi kwa masizi.

"Ungeanza mapema," alimwambia. "Ungeingia shimoni na mimi ... miaka thelathini. Ningekuachia hata nyundo yangu."

"Usinitanie leo."

"Nikutanie lini?"

Kesho yake asubuhi alikuja Eulogia, mke wa Wálter Calizaya. Alikuwa mama wa ubatizo wa binti wa kwanza wa Primitiva, na tangu hapo waliitana komadre, na waume zao kompadre. Alileta mikate ya moto ndani ya shali, akakaa kwenye kile kiti cha mazoezi, akaitazama mashine bila kujificha. Aliuliza inakula umeme kiasi gani. Aliuliza maji yanayowekwa kwenye chupa yake ni ya kuchemsha au hata ya bomba. Aliuliza kama mrija unachubua pua, maana Wálter pua yake ni laini na ni mtu wa kulalamika. Primitiva alimjibu yote, hata akamwonyesha namna ya kuosha kichujio. Mikono yake ilimfundisha komadre wake huku kichwa chake kikisema usiondoke nayo, usiondoke nayo.

Eulogia alipoinuka kuondoka alimgeukia Zenón.

"Kompadre, umepona kweli?" Alimtazama kwa muda. Hakuwa mjinga. "Mbona midomo yako ni ya bluu?"

"Nimekula ... zabibu," Zenón alisema.

Eulogia alicheka kidogo, akajifunga shali. Mlangoni alimshika Primitiva kiwiko, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba usiku Wálter analala amekaa, amekumbatia kiti, na kwamba yeye amekuwa akihesabu siku kama mtoto anayengoja sikukuu. Akashuka ngazi. Primitiva alibaki ameshika mlango. Alijua sasa kwamba neno lolote atakalosema hospitalini ili mashine ibaki litamwumiza mwanamke huyu, na alijua kwamba atalisema.

Alilisema Jumatano. Alikwenda nyuma ya nyumba ili Zenón asisikie, akapiga simu.

"Dokta, yale mazoezi nimefanya mimi."

"Ndiyo mama, najua umemsaidia sana. Bila familia hawa wazee wetu hawawezi."

"Sikumsaidia. Nimefanya mimi. Miguu ni yangu. Kidole ni changu."



"Tangu lini, mama?"

"Tangu kanivali. Alishikwa na homa, simu ikawa nyekundu. Zamu ilikuwa ya nyumba yetu, nikasimama mimi."

"Tangu kanivali," dokta alirudia. Sauti yake ilikuwa imebadilika, haikuwa na zawadi tena. "Mama Primitiva, mimi miezi yote hii nilikuwa nakutibu wewe."

Primitiva alianza kueleza kuhusu barabara na ushirika na ule mwaka wa mguu, haraka haraka, lakini dokta alimkatiza, si kwa ukali. Alisema ile nyekundu haikuwa ya kumfukuza mtu. Nyekundu ni ya kutuita sisi. Nyekundu ikikaa siku chache, anatumwa muuguzi mpaka nyumbani kwa mgonjwa na dawa, anamsikiliza kifua. Wiki ile ya homa angekuja mtu. "Ningemtuma mimi mwenyewe," alisema. "Nilikuwa naye muuguzi huko huko Llallagua wiki ile, mama. Alikuwa na nafasi."

Primitiva aliketi kwenye rundo la kuni. Kumbe yeye ndiye aliyemziba mdomo mgonjwa wake. Alikuwa ameikimbilia ile rangi akaifuta kwa mwili wake mzima, kama mtu anayezima taa ya anayeomba msaada, kisha akaenda kupika supu kwa moyo mweupe.

Dokta aliendelea kuongea. Alisema amri ya kuhamisha mashine imekwisha kutiwa saini na mkubwa wake hatabadilisha kwa maneno ya simu, hasa maneno kama haya. Angesema familia inadanganya ili ibaki na mashine. Njia ni moja. Kesho, kabla mashine haijatolewa, don Zenón mwenyewe afanye kipimo mbele ya kamera: dakika moja ya kukaa na kusimama, kidude kidoleni, bila mrija. Yeye atatazama, atarekodi, atapeleka.

"Bila mrija," Primitiva alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ataweza?"

"Akishindwa ndipo mashine inabaki," dokta alisema. "Ila asishindwe sana."

Alipomweleza, Zenón alitafuna koka yake polepole, akatazama dari. Hakukasirika juu ya homa wala juu ya muuguzi. Hilo lilimuuma Primitiva kuliko kama angemrushia kikombe.

"Wampe Wálter," alisema mwishowe.

"Hapana."

"Tumekula vumbi moja. Yeye kala zaidi, mimi nilikuwa ... nikimtanguliza."

"Nimesema hapana. Sina ugomvi na Wálter. Akiipata ya kwake nitamchinjia kondoo. Hii ni ya kwako."

"Primi. Ni ya anayefuata."

"Na mimi?" Alikuwa amesimama juu yake, na sauti ilimtoka nyembamba, sauti asiyoijua. "Ukifa wewe, asubuhi atanitukana nani? Nitaamka nifanye nini humu ndani? Nikae kwenye kiti nisimame, nikae nisimame? Nimekuharibia mimi, najua. Basi niache nitengeneze. Kaa mara moja tu mbele ya hiyo simu wakuone ulivyo."

Zenón alimtazama. Mashine ilinguruma kati yao.

"Sijawahi," alisema, akatafuta pumzi, "kumwonyesha mkubwa yeyote kwamba sina pumzi. Ukiwaonyesha wanakutoa shimoni."

"Hapa siyo shimoni."

"Najua. Nakwambia tu."

Hakusema ndiyo. Lakini asubuhi ya Alhamisi alimwomba amnyoe, na amvalishe shati.

Dereva wa hospitali alifika mapema, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, akaingia na karatasi zake akitaka kuichomoa mashine aondoke, maana safari ilikuwa ndefu. Primitiva alimwomba angoje. Alimpa kikombe cha api, kinywaji cha moto cha mahindi, na mkate wa Eulogia. Dereva alikaa kwenye ukingo wa benchi, akala, akawa anamtazama mgonjwa kwa pembe ya jicho, na kadiri alivyomtazama ndivyo alivyotafuna polepole.

Simu iliegemezwa kwenye chungu, juu ya meza. Uso wa dokta Arancibia ukatokea, mdogo kuliko sauti yake. Alimwamkia don Zenón kwa heshima zote. Alimwambia asimame akiona anaweza, akae akitaka, na aache wakati wowote. Alirudia hilo la kuacha mara kadhaa. Zenón alikuwa amekaa kwenye kiti, amelowa jasho kwa kuhamishwa tu kutoka kitandani. Aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Kisha, kabla Primitiva hajamgusa, akautoa mrija puani kwa mkono wake mwenyewe na kuuweka gotini, umekunjwa vizuri.

"Anza, don Zenón."

Alisimama. Ilimchukua muda, mikono ikisukuma mapaja, lakini alisimama, akanyooka, akatazama kamera kama mtu anayepigwa picha ya harusi. Akakaa. Kifua kilikuwa kikienda mbio. Akasimama tena. Kidude kilianza kulia mlio mdogo wa haraka. Primitiva aliitazama namba ikiteremka, ikiteremka, na hakupata pa kuishikilia.

"Inatosha, don Zenón," dokta alisema. "Nimeona. Kaa, mrudishie mrija, mama."

Zenón aliinua kidole kimoja kumzuia mkewe. Akasimama mara ya tatu. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa na mtu anayemtazama, na hakujua namna nyingine ya kufanya kazi mbele ya mtu anayetazama. Uso wake ulikuwa wa rangi ya majivu. Mgongo ulikuwa wima.

"Mzee, tafadhali," dokta alisema.

Akakaa, akasukuma mapaja, akasimama mara ya nne, akatabasamu kwenye kamera, meno yote ya kijani kwa koka. Halafu magoti yakamkatika.

Dereva alikuwa amefika kabla Primitiva hajapiga kelele. Walimdaka wote wawili, wakamlaza, Primitiva akausukuma mrija puani, akafungua mashine mpaka mwisho. Zenón alifungua kinywa na hakikuingia kitu. Macho yalikuwa wazi yakimtafuta. Alimshika uso. Alimwambia pua, pua, polepole, puliza kama supu, mzee, puliza kama supu. Aliyasema maneno ya yule mama wa simuni neno kwa neno, kwa maana alikuwa ameyasikia kila siku na hakuwa na mengine. Kifua kilitikisika. Kikakwama. Kikatikisika tena. Kitu kama mluzi kikaingia ndani yake, kisha kingine.

Namba ilianza kupanda. Dokta alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Alipokiondoa, alisema mashine inabaki, ataandika mwenyewe sasa hivi, na muuguzi atakuja kesho. Alisema samahani. Hakusema anamwomba nani.

Dereva alikunja karatasi zake. Kisha akauliza swali ambalo lilikuwa haki yake kuuliza: na ile nyumba ya mtaa wa juu, ameagizwa aifikie leo, wanamngoja. Awaambie nini?

"Usiwaambie kitu," Primitiva alisema. "Nitakwenda mimi."

Alingoja mpaka Zenón akasinzia. Alimwomba jirani akae naye, akajifunga shali, akapanda mtaa. Njia nzima alitunga maneno, na kila alipofika kwenye neno Wálter yalimwagika akaanza upya. Mlango wa Calizaya ulikuwa wazi. Eulogia alikuwa amevaa blauzi yake ya sikukuu. Ndani, ukuta wa upande wa kitanda ulikuwa umepakwa chokaa mbichi, na waya mpya wa umeme ulipigiliwa misumari kutoka dirishani mpaka kwenye soketi nyeupe iliyokuwa bado na vumbi la fundi. Benchi la familia lilikuwa limesukumwa katikati ya chumba kuacha nafasi ya mita moja, iliyofagiwa. Wálter alikuwa amekaa amekumbatia kiti, kipaji cha uso kimelala juu ya mgongo wa kiti, na hakuinua kichwa.

Primitiva alisema. Alisema yote, tangu homa mpaka asubuhi ile, hakujitetea, wala hakuutaja ule mwaka wa mguu. Eulogia alimsikiliza amesimama. Hakumfukuza. Ingekuwa nafuu kama angemfukuza.

"Alisimama mara ngapi?" aliuliza.

"Mara nne."

Eulogia aligeuka kumtazama mumewe, mabega yake yakipanda na kushuka bila kupata kitu.

"Wa kwangu hata moja hawezi," alisema.

Akazunguka, akashika upande mmoja wa lile benchi, akaanza kulirudisha ukutani. Lilikuwa la mti mzito na miguu yake ilikwaruza sakafu. Primitiva alisimama alipokuwa, hakujua kama anaruhusiwa. Kisha akaenda, akashika upande wa pili. Walilisukuma wote wawili mpaka likagusa chokaa, ambayo ilikuwa haijakauka, ikawapaka mikono, na hakuna kati yao aliyejifuta.